Vietnam: Majeshi ya Kigeni Yalivyoitana

Katika miaka 30 iliyoanza 1945 na kuishia 1975, ardhi ya Vietnam ilikanyagwa na askari wa nchi zaidi ya 10 za kigeni. Walikuwapo Wajapani walioshindwa vita, na Wachina na Waingereza waliokuja kuwanyang'anya silaha. Wakaja Wafaransa kudai koloni lao, wakifuatana na Wamoroko, Waaljeria na Wasenegali. Baada yao wakaja Wamarekani, Wakorea wa Kusini na wa Kaskazini, Waustralia, Wanyuzilandi, Wathai, Wafilipino na Warusi.

Kila mmoja alikuwa na sababu zake, lakini sababu hizo zinafanana kwa mambo matatu. Kwanza, karibu zote zilizaliwa nje ya Vietnam: Ufaransa ilipigania hadhi yake baada ya kuvamiwa na Ujerumani, China ililinda mpaka wake wa kusini, na Marekani iliwaza zaidi Ulaya na Japani kuliko mashamba ya mpunga ya Mekong. Pili, kila jeshi lililoingia liligeuka kuwa hoja ya jingine kuingia. Tatu, mara nyingi mlango ulifunguliwa kutoka ndani, na Wavietnam waliokuwa wakigombania utawala wakamtafuta wa kuwaongezea nguvu.

Mlango uliofunguliwa zamani

Desturi ya upande unaozidiwa kuita mgeni haikuanza karne ya 20. Mwaka 1788 mfalme wa mwisho wa nasaba ya Le, aliyepinduliwa na waasi wa Tay Son, aliomba jeshi China. Askari wa Kichina waliingia Hanoi, wakafurushwa wakati wa Tet, sikukuu ya mwaka mpya, mapema 1789. Kusini, mwana wa ukoo wa Nguyen aliyeitwa Nguyen Anh aliwaita Wasiam, wakapigwa mwaka 1785. Kisha akamtuma askofu wa Kifaransa, Pigneau de Béhaine, hadi Versailles. Mkataba ulisainiwa 1787, lakini serikali ya Ufaransa haikuutekeleza. Askofu akachangisha mwenyewe meli, silaha na watu wa kukodiwa. Nguyen Anh alishinda, na mwaka 1802 akatawazwa kwa jina la Gia Long.

Wafaransa waliorudi nusu karne baadaye hawakuitwa na mtu. Septemba 1858 manowari za Ufaransa na Hispania ziliipiga Da Nang kwa mizinga. Hoja iliyotangazwa ilikuwa kuwalinda wamisionari Wakatoliki walioteswa na kuuawa. Nyuma yake palikuwa na biashara, kushindana na Uingereza, na hamu ya kupata njia ya kuingia China. Saigon ilitekwa 1859, majimbo matatu ya kusini yakakabidhiwa kwa mkataba wa 1862, na kufikia 1884 nchi nzima ilikuwa chini ya Paris. China, iliyoihesabu Vietnam kuwa himaya yake, ilipigana na Ufaransa mwaka 1884 na 1885, ikaishia kuacha dai hilo. Mchele wa Mekong, mpira wa mashamba makubwa na makaa ya mawe ya Hon Gai vikawa mali ya koloni.

Japani iliingia Septemba 1940, na shabaha yake haikuwa Vietnam bali reli iliyotoka bandari ya Haiphong kwenda Kunming, ambayo ilipitisha shehena za jeshi la China. Julai 1941 Wajapani walisogea hadi kusini, ambako viwanja vya ndege viliwakaribisha na Malaya na visima vya mafuta vya visiwa vya Waholanzi. Marekani ilijibu kwa kuzuia mali za Japani na kuikatia mafuta, hatua iliyoharakisha vita vya Pasifiki. Kuanzia hapo hali ya Vietnam ilihesabiwa katika mizani ya dola kubwa.

Ombwe la mwaka 1945

Tarehe 9 Machi 1945 Japani iliwapindua Wafaransa iliokuwa imewaacha waendeshe koloni chini ya kivuli chake. Miezi mitano baadaye Japani yenyewe ikasalimu amri. Katikati palikuwa na njaa kuu iliyoua mamia ya maelfu ya watu kaskazini, na makadirio mengine hufika milioni 2. Chama cha Vietminh cha Ho Chi Minh kilijijengea jina kwa kuwaongoza wanakijiji kuvunja maghala ya mpunga. Agosti kikatwaa Hanoi, na tarehe 2 Septemba Ho akatangaza uhuru katika uwanja wa Ba Dinh, akianza hotuba kwa maneno ya Azimio la Uhuru la Marekani.

Maneno hayo yalichaguliwa kwa hesabu. Wiki chache kabla, kikosi kidogo cha ujasusi cha Marekani kilikuwa kimeruka kwa miavuli hadi maficho ya Vietminh, kikawafundisha wapiganaji wake, na tabibu wake akamtibu Ho aliyekuwa taabani kwa homa. Ho alitumaini Washington ingekuwa ngao yake dhidi ya Paris, lakini barua alizomwandikia Rais Truman hazikujibiwa.

Mataifa yaliyoshinda vita yalikuwa yameshaamua vingine huko Potsdam. Kaskazini ya latitudo ya 16 Wajapani wangepokonywa silaha na China ya Chiang Kai-shek, kusini na Uingereza. Wachina karibu 200,000 waliteremka kaskazini. Saigon alifika Jenerali Douglas Gracey akiwa na askari wa Jeshi la Uingereza la India. Badala ya kushughulika na Wajapani tu, Gracey aliwapa silaha Wafaransa waliokuwa kifungoni, nao tarehe 23 Septemba wakateka ofisi za serikali mjini. Mapigano yalipowaka, Wajapani walewale waliopaswa kunyang'anywa bunduki waliamriwa kuzishika tena kusaidia kuwadhibiti Wavietnam. Uingereza, yenye makoloni yake Asia, haikutaka kutoa mfano wa koloni linalojitwalia uhuru.

Kwa Ufaransa, kurudi Vietnam kulikuwa dawa ya aibu ya kuvamiwa na Ujerumani mwaka 1940. Mazungumzo ya 1946 yalivunjika, na Novemba mgogoro wa ushuru wa forodha huko Haiphong uliishia kwa mji huo kupigwa mizinga. Tarehe 19 Desemba 1946 vita kamili vilianza.

Vita vya ukoloni vyavikwa vazi jipya

Kwa miaka mitatu ya mwanzo vita hivyo vilikuwa ugomvi wa mkoloni na mtawaliwa. Sheria ya Ufaransa ilizuia vijana walioandikishwa jeshini kwa lazima kupelekwa huko. Pengo likazibwa na Jeshi la Kigeni la Ufaransa, Wavietnam wenyewe, na makumi ya maelfu ya Waafrika kutoka Moroko, Aljeria, Tunisia na makoloni ya Afrika Magharibi.

Oktoba 1949 Wakomunisti walishinda China, na sura ya vita ikabadilika. Vietminh walipata mpaka wa kuvuka, kambi za mafunzo na mshirika mwenye silaha. Januari 1950 Beijing iliitambua serikali ya Ho, na kabla mwezi haujaisha Moscow ikafuata. Washington ikaitambua serikali ya Bao Dai, mfalme wa zamani aliyerudishwa na Wafaransa. Kila upande uliutazama uamuzi wa mwenzake kama uthibitisho wa hofu yake.

China ilikuwa na sababu tatu: undugu wa itikadi, deni la heshima kwa chama kilichoiunga mkono, na usalama. Haikutaka jeshi la nchi ya Magharibi likae kwenye mpaka wake. Vuli ya 1950 Jenerali Chen Geng alisaidia kupanga mashambulizi yaliyowang'oa Wafaransa kwenye ngome za mpakani karibu na Cao Bang.

Sababu za Marekani zilikuwa mchanganyiko. Ilihitaji Ufaransa iwe imara katika ulinzi wa Ulaya, na Paris ilijua kulitumia hitaji hilo. Ilitaka Japani, iliyokuwa ikijengwa upya, ipate soko na mchele kusini mashariki mwa Asia. Ndani ya nchi chama cha Truman kililaumiwa kwa kile wapinzani walichokiita kuipoteza China. Vita vya Korea vilipolipuka Juni 1950, Vietnam na Korea zikaonekana pande mbili za uwanja mmoja. Msaada uliotangazwa Mei mwaka huo uliongezeka mwaka hadi mwaka, na kufikia 1954 Marekani ililipia takriban asilimia 80 ya gharama za vita.

Dien Bien Phu

Mambo hayo yote yalikutana katika bonde moja karibu na mpaka wa Laos. Wafaransa walijichimbia Dien Bien Phu mwishoni mwa 1953 wakitarajia kumvuta adui uwanjani. Jenerali Vo Nguyen Giap alipandisha mizinga milimani kipande kwa kipande, ikivutwa kwa kamba na mikono ya watu. Wapagazi kwa makumi ya maelfu walisukuma baiskeli zilizofungwa vijiti vya mianzi kwenye usukani na chini ya kiti, kila moja ikibeba kilo 200 au zaidi za mchele na risasi.

Mizinga mizito ya Giap ilikuwa ya milimita 105, iliyotengenezwa Marekani. China ilikuwa imeiteka kutoka kwa majeshi yaliyopewa silaha na Washington, kisha ikaipeleka kwa Vietminh. Wafaransa ndani ya ngome walijibu kwa mizinga ya aina hiyohiyo, nayo ilitoka Marekani. Kilima walichokiita Gabrielle kililindwa na Waaljeria, kikaanguka katika siku za mwanzo. Tarehe 7 Mei 1954 ngome nzima ilisalimu amri, na tarehe 1 Novemba mwaka huohuo vita vya uhuru vikaanza Aljeria kwenyewe.

Wakati wa mzingiro Paris iliomba ndege za Marekani zilipue milima ile. Rais Eisenhower alieleza wakati huohuo nadharia ya domino, ile picha ya kete za dhumna zilizosimamishwa mstari, ambapo ya kwanza ikianguka huziangusha zote. Hata hivyo hakutuma ndege. Viongozi wa Bunge walitaka washirika kwanza, hasa Uingereza, nayo London ikakataa. Mfuatano wa majeshi ya kigeni ungeweza kuishia hapo.

Haukuishia. Makubaliano ya Geneva ya Julai 1954 yaligawa nchi kwa muda kwenye latitudo ya 17, kaskazini ikiwa ya Vietminh, na kuahidi uchaguzi wa kuiunganisha mwaka 1956. China na Umoja wa Kisovieti, zilizoogopa Marekani kuingia vitani, ziliibana Vietminh ikubali pungufu ya ilichoshinda uwanjani. Marekani haikuiafiki hati ya mwisho, na Septemba ikaunda mjini Manila muungano wa ulinzi wa Asia ya Kusini Mashariki.

Serikali isiyosimama yenyewe

Saigon mlezi akawa Marekani, na mlelewa akawa Ngo Dinh Diem, Mkatoliki mpinga ukomunisti. Mwaka 1955 alimwondoa Bao Dai kwa kura ya maoni iliyompa asilimia 98. Saigon, yenye wapigakura waliojiandikisha 450,000, ilitoa kura zaidi ya 600,000. Uchaguzi wa kuunganisha nchi aliukataa. Aliwasaka wakomunisti na wapinzani wengine bila kubagua, na mashamba waliyogawiwa wakulima wakati wa vita yakarudi kwa wenye ardhi.

Hasira za vijijini ziliwapa wakomunisti wa kusini udongo wenye rutuba, na kaskazini ikaingia. Mwaka 1959 Hanoi iliidhinisha mapambano ya silaha na kuunda kikosi cha kufungua njia ya misituni kupitia Laos, ambayo dunia iliijua kwa jina la Ho Chi Minh. Desemba 1960 ikazaliwa Harakati ya Ukombozi wa Kusini, ambayo wapiganaji wake waliitwa Vietcong.

Rais Kennedy alipoingia madarakani 1961 washauri wa kijeshi wa Marekani hawakufika 1,000. Mwishoni mwa 1963 walizidi 16,000. Aliona hatua ya katikati kuwa salama kuliko kuondoka au kupigana mwenyewe. Ila washauri hao walirusha helikopta na kufuatana na vikosi vitani, na kila walipozidiwa, jawabu lilikuwa kuongeza wengine.

Udhaifu wa Saigon ulikuwa wa kisiasa kuliko wa silaha. Juni 1963 mtawa wa Kibudha, Thich Quang Duc, alijichoma moto katika makutano ya barabara mjini Saigon kupinga mateso ya Wabudha, na picha yake ikaenea duniani. Novemba majenerali walimpindua Diem na kumuua, Washington ikiwa imejua na kuridhia mapinduzi. Tangu hapo Marekani ilibeba dhamana ya kila serikali iliyofuata, na serikali hizo zilifuatana harakaharaka. Hanoi iliona nafasi: Desemba 1963 uongozi wa chama, Le Duan akiwa na sauti kubwa, uliamua kuzidisha vita, na mwaka uliofuata vikosi vya jeshi la kaskazini vikaanza kushuka kusini.

Kutoka walinzi hadi nusu milioni

Tarehe 2 Agosti 1964 boti za kaskazini ziliishambulia manowari ya Marekani, Maddox, katika Ghuba ya Tonkin. Siku chache kabla, makomando wa kusini waliosaidiwa na Marekani walikuwa wamevamia visiwa vya pwani hiyo. Tarehe 4 ilitolewa taarifa ya shambulizi la pili, ambalo uchunguzi wa baadaye wa idara za Marekani zenyewe ulionyesha halikutokea. Bunge lilimpa Rais Johnson, mrithi wa Kennedy, mamlaka ya kutumia nguvu kwa kura 416 dhidi ya sifuri, na Seneti 88 dhidi ya 2.

Februari 1965 Vietcong walishambulia kambi ya Pleiku na kuua Wamarekani. Ndege zikaanza kuipiga kaskazini, na Machi kampeni ya kudumu ya mabomu ikafunguliwa. Ndege zilihitaji viwanja, na viwanja vilihitaji walinzi. Ndipo asubuhi ya tarehe 8 Machi askari wa majini wa Marekani walipoteremka ufukweni Da Nang, bandari ileile ya mwaka 1858. Walikuja na zana zote za vita, wakalakiwa na wasichana waliovaa ao dai, gauni refu la asili, wakiwavisha mashada ya maua. Kazi yao ilikuwa kulinda uwanja wa ndege. Kabla ya wiki tano kwisha waliruhusiwa kwenda kumsaka adui. Mwisho wa 1965 Wamarekani walikuwa 184,000, na Aprili 1969 walifika 543,000.

Waraka wa Machi 1965 wa ofisa wa Wizara ya Ulinzi, John McNaughton, ulipanga malengo ya Marekani kwa asilimia. Kuepuka fedheha ya kushindwa alikupa 70. Kuzuia ardhi ya Vietnam Kusini isiingie mikononi mwa China, 20. Kuwapatia watu wa huko maisha bora na huru zaidi, 10. Kufikia hapo sababu kuu ya kubaki vitani ilikuwa kwamba nchi ilishaingia.

Bendera nyingine

Johnson alitaka bendera nyingi kando ya yake ili vita visionekane vya Marekani peke yake. Uingereza ya Harold Wilson ilikataa kutuma hata kikosi kimoja, na Ufaransa ya de Gaulle ikalaumu hadharani. Waliokubali walikuwa na hesabu zao.

Korea Kusini ilituma wanajeshi zaidi ya 300,000 kwa awamu, wakifika 50,000 kwa wakati mmoja, na takriban 5,000 walikufa. Rais Park Chung-hee aliogopa Marekani ingehamishia Vietnam askari wanaoilinda nchi yake. Akitoa wake, alibakiza wale, na malipo, silaha na kandarasi alizopata vilichangia kujenga viwanda vya nchi hiyo. Australia ilianza na wakufunzi 30 mwaka 1962, ikaishia kutuma watu wapatao 60,000, wakiwamo vijana walioandikishwa kwa kura. Iliamini kwamba bila kulipa bima hiyo Marekani isingekuja siku Australia itakapohitaji msaada. Thailand, iliyowaza mpaka wake na Laos, ilitoa askari na viwanja vya kuruka ndege za mabomu. Ufilipino ilituma wahandisi na matabibu.

Beijing na Moscow washindana

Upande wa kaskazini nao ulikuwa na wageni. Kati ya 1965 na 1969 Wachina takriban 320,000 walihudumu huko kwa zamu, wakijenga reli na madaraja na kupiga mizinga ya kutungulia ndege. Kwa kushika kazi hizo waliwaachia askari wa Hanoi nafasi ya kwenda kusini. Kumbukumbu ya Korea, ambako China iliingia vitani mwaka 1950 Wamarekani walipoukaribia mpaka wake, ilimfanya Johnson asithubutu kuivamia kaskazini kwa askari wa miguu.

Umoja wa Kisovieti ulikuwa ukisitasita mpaka Februari 1965, Waziri Mkuu Aleksei Kosygin alipokuwa ziarani Hanoi na mabomu ya Marekani yakaanza kuanguka kaskazini. Moscow ikatuma makombora na mafundi wake, na Julai 24 makombora yaliyosimamiwa na Warusi yaliiangusha ndege ya Marekani kwa mara ya kwanza katika vita hivyo.

Tangu mwanzo wa miaka ya 1960 Beijing na Moscow ziligombea uongozi wa kambi ya kikomunisti, na hakuna iliyotaka kuonekana bahili kwa taifa lililokuwa likipigwa mabomu. Hanoi iliucheza ugomvi huo kwa ustadi, ikipokea bunduki na mchele kutoka huku, makombora na mafuta kutoka kule, bila kumkabidhi yeyote usukani.

Wageni waondoka, sababu zabaki

Mashambulizi ya Tet ya Januari 1968 yaliwavunja moyo Wamarekani nyumbani, na rais mpya, Nixon, akaanza kuondoa askari mwaka uliofuata. Mkataba wa Paris ulisainiwa tarehe 27 Januari 1973. Tarehe 30 Aprili 1975 vifaru vya kaskazini viliingia Saigon. Marekani ilipoteza askari zaidi ya 58,000. Serikali ya Vietnam ilitangaza mwaka 1995 kwamba vita hivyo viliua wapiganaji milioni 1.1 wa upande wake na raia wapatao milioni 2.

Ugomvi wa China na Umoja wa Kisovieti ulileta jeshi jingine. Vietnam iliegemea Moscow, na Desemba 1978 ikaivamia Kambodia, mshirika wa Beijing, baada ya mashambulizi ya mpakani. Tarehe 17 Februari 1979 Wachina wakavuka mpaka ambao miaka 14 kabla waliuvuka kuisaidia Hanoi. Waliondoka Machi, wakiacha miji ya mpakani magofu. Ili kupata kinga, Vietnam ikaruhusu manowari za Kisovieti kutia nanga Cam Ranh, bandari ambayo Wafaransa na Wajapani waliwahi kuitumia na Wamarekani wakaijenga kuwa kambi kubwa.

Warusi waliiacha Cam Ranh mwaka 2002. Sera ya ulinzi ya Vietnam iliyochapishwa 2019 inataja makatazo manne: kutojiunga na muungano wa kijeshi, kutoungana na nchi moja dhidi ya nyingine, kutoruhusu kambi za kigeni katika ardhi yake, na kutotumia au kutishia nguvu katika uhusiano wa kimataifa.